Barua kwa Baba: njia ya treni isiyo na treni

Columbia, Missouri, Marekani

Baba, shikamoo. Sisi hatujambo, na wajukuu wako wanakuamkia.

Juzi kwenye simu ulicheka sana hata nikashindwa kumaliza. Ni kweli, watu wa huku wanaendesha baiskeli njia ya treni, ila vyuma na mataruma viling'olewa, juu ya tuta yakashindiliwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Inaitwa Katy Trail, ina zaidi ya kilomita 380, na sehemu kubwa inafuata mto Missouri. Treni zilikoma 1986 baada ya mafuriko. Tajiri mmoja, Ted Jones, na mkewe Pat wakatoa fedha, na 1990 kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport, penye handaki la tangu 1893.

Wewe fundi reli ungefurahia mwinuko. Treni haipandi mlima, kwa hiyo wazee walioijenga reli walipasua miamba na kujaza mabonde. Leo mimi, na unene huu, naendesha nusu siku bila kuhema.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni sheria. Tangu 1983 inaruhusu njia iliyoachwa iwekwe akiba. Haihesabiwi kuwa imekufa: siku treni ikihitajika tena, baiskeli zinapisha. Wakulima wa kandokando walikasirika, maana walitazamia ardhi iwarudie, wakaenda mahakamani. Siwalaumu hata kidogo. Walishindwa kuizuia njia.

Kuna daraja pale Boonville, la 1932, lenye kipande cha katikati kilichokuwa kikinyanyuliwa vyombo vya majini vipite. Kampuni ya reli ilipotaka kulibomoa ichukue vyuma, ugomvi ukawa mkubwa hadi mwanasheria mkuu wa jimbo akaingia. Hoja ya waliolitetea daraja ungeielewa upesi: daraja likiondoka njia imekatika, na njia ikikatika hakuna tena akiba. Kesi hazikuliokoa, lakini makelele ya watu yaliendelea, na 2010 likaachiwa mji.

Nikaikumbuka reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, ile ya mradi wa karanga, iliyong'olewa miaka ya 1960. Wewe una wenzako wastaafu waliotoka kusini. Ukikutana nao Tabora hapo, waulize kama tuta bado linaonekana, na nani analima juu yake sasa.

Hela ya dawa nimemtumia dada. Mwambie Mama asiikopeshe kwa mtu, hata wa kwenye kikoba.

Mwanao,
Zawadi