Mbona mwenzangu kang'arisha meno yakawa meupe, mimi bado?

Hili swali tunaulizwa sana hapa kliniki, na kwa sababu tupo Arusha jibu lake lina mambo yake. Mtu anakuja na picha ya shoga yake kwenye simu anataka atoke hivyo hivyo, kumbe shoga yake kakulia Dar, yeye kakulia Maji ya Chai huku Arusha, hapo kazi tayari ni mbili tofauti.

Jeli ya kung'arisha inapenya kwenye jino na kuvunja rangi iliyojikusanya. Njano ya umri, chai ya rangi, kahawa, sigara, hiyo inatoka vizuri tu. Ila kahawia ya floraidi, yale madini yaliyomo kwenye maji, sio uchafu jamani, hata upige mswaki mara 10 kwa siku haitoki, jino lenyewe liliumbika hivyo ulipokuwa mdogo, kwenye ile miaka 8 ya mwanzo, unakunywa maji ya kisima na unakula maharage yaliyolainishwa kwa magadi, na magadi nayo yana floraidi. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, sasa huku chini ya Mlima Meru kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa. Ukipaka jeli peke yake, kahawia inaweza ikafifia kidogo, halafu yale madoa meupe kama chaki ndo yanaonekana zaidi siku za mwanzo. Kwa hiyo tunaanza kusugua juu juu kwa dawa maalumu, jeli inafuata, na kama doa limeingia sana tutakwambia mapema kwamba hapo ni kufunika jino.

Meno ya kijivu yaliyotokana na dawa za antibayotiki za tetrasaiklini ulizopewa utotoni nayo yanasumbua, unaweza kuvaa trei ya plastiki yenye jeli usiku kwa miezi. Na jino lililozibwa kwa mbele au lenye kofia halibadiliki rangi hata kidogo, ukilisahau utabaki na jino moja la njano katikati ya meupe.

Ugaga tunautoa kwanza, lazima, jeli haipiti juu yake. Jino lililotoboka nalo linazibwa kabla, la sivyo maumivu utakayoyapata hutatusamehe.

Limau na mkaa wa kusaga tafadhali acheni, vinakula ile ngozi ngumu ya juu na njano ya ndani ndo inazidi kutokeza.

Ukija tuambie ulikulia wapi na maji gani mlikuwa mnakunywa, tunaangalia kwanza ndo tunaongea bei.