Kashfa si kazi ya polisi

Mhariri,

Naandika kuhusu kukamatwa kwa wanaowakosoa wakubwa mitandaoni. Mwezi Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay na kupelekwa Nairobi kwa tuhuma za kumchafulia jina naibu inspekta jenerali wa polisi, akafia mikononi mwa polisi. Ilhali Mahakama Kuu ilikwisha kubatilisha, mwaka 2017, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kwa kuwa aliyekashifiwa anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai. Polisi hawana kazi katika ugomvi wa jina la mtu, sembuse la mkubwa wao wenyewe.

Inspekta Jenerali aagize kwa maandishi kwamba asikamatwe mtu kwa alichoandika pasipo hati ya hakimu.

Msomaji,
Kisumu