Mtoto anayekataa poti si mkaidi, shule zisimfungie mlango

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongelee kitu ambacho huwa kinaongelewa tu kwa koridoo za flati na kwa magrupu ya WhatsApp ya wamama, na chenyewe kinaumiza watoto wetu kila mwaka ikifika msimu wa kutafuta nafasi za chekechea. Shule nyingi za kibinafsi hapa Nairobi, hizi ndogo ndogo za mitaani na hata zile za karo kubwa, ukipeleka mtoto wa miaka mitatu swali la kwanza ni kama ameacha daipa. Ukisema bado unaambiwa rudi naye akiwa tayari, ama wanampokea halafu baada ya siku chache unapigiwa simu uko kazini uje umchukue manake amejichafua. Basi mzazi anakaa Desemba yote na hayo makataa kichwani, Januari inakaribia, na mwenye anabebeshwa huo mzigo wote ni huyo mtoto.

Mimi naangalia watoto, niko na deikea Pipeline huku Embakasi, na hii kazi nimeifanya miaka mingi. Mtoto wa miaka miwili na nusu ama mitatu anayekataa poti kabisa, mara nyingi si ukaidi. Kuna mahali anaumwa ama kuna kitu anaogopa. Na kiboko hakitoi uchungu wala hakitoi woga, kinaongeza tu.

Wacha nianze na uchungu manake hapo ndipo wazazi wengi hawaangalii. Mtoto akipata choo kigumu siku moja tu, kile kinatoka kama mawe na kinamchana kidogo hadi unaona tone la damu, hiyo siku hasahau. Kesho choo kikija anakibana. Akikibana kinakaa ndani, kinaendelea kukauka na kuwa kikubwa, siku kikitoka kinauma kuliko ile ya kwanza, na sasa ameshajua kabisa kwamba kwenda haja ni kuumia. Hapo hata umnunulie poti ya rangi gani, yenye muziki, yenye picha ya simba, hakai.

Nilikuwa na kijana mmoja hapa kwangu, mamake alikuwa ananiambia anti huyu amenishinda, anasukuma na hataki kukaa. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa anaenda nyuma ya pazia, anashika kitambaa na mikono yote miwili, anasimama kwa ncha za vidole, miguu ameikaza imenyooka kama fimbo, matako ameyabana, uso umeiva na jasho liko kwa pua. Mtu akiona hivyo anadhani mtoto anasukuma choo kitoke. Hapana, alikuwa anakirudisha. Baada ya dakika chache anatulia, anarudi kucheza kama hakuna kitu, na suruali iko safi. Ukiona mtoto wako anafanya hivyo ujue hasukumi, anapigana na hicho choo kisitoke.

Na kuna kitu kibaya zaidi kinakuja baadaye. Choo kikikaa sana, utumbo wa huko mwisho unatanuka na unazoea, mtoto anafika mahali hata hasikii tena kwamba haja imefika. Halafu kile choo laini cha juu kinapita kando ya hicho kigumu kinavuja kwa chupi kidogo kidogo, saa zingine mara kadhaa kwa siku. Mama anaona anasema huyu anaharisha, mwalimu anaona anasema huyu ni mchafu na ni mvivu, na ni mtoto mmoja huyo huyo ambaye tumbo limejaa. Huyu mtoto hajui kama kimetoka. Unampigia nini?

Sasa angalia venye watoto wetu wanakula na kunywa hapa mjini. Asubuhi chai na mkate mweupe, saa nne biskuti, mchana wali mweupe ama chipsi, jioni ugali na supu, mboga akiikataa hakuna mtu wa kubishana naye manake mama amefika amechoka. Maziwa nayo mengi, kuna mtoto anamaliza chupa baada ya chupa na chakula hataki, na maziwa yakizidi kama nusu lita kwa siku kwa mtoto wa umri huo yanachangia kumfunga choo. Halafu kuna hii tabia nimeiona sana na inaniumiza roho, mtoto ananyimwa maji ndio asikojoe, ndio daipa moja ifike jioni. Naelewa kwa nini, daipa moja kwa kibanda ni bob 20 na kitu, na mtu anayelipwa kwa siku anahesabu hiyo. Lakini maji unayomnyima ndiyo yangelainisha hicho choo. Mpe maji, mpe papai, parachichi, embe likiwa la msimu, maharagwe na ndengu, sukuma ikatwe ndogo ndogo, uji wa wimbi badala ya chai. Na kama imeshaendelea kwa wiki kadhaa, chakula peke yake hakitoshi, enda zahanati. Kuna dawa ya maji ya kulainisha choo na inaweza kuhitajika miezi, si siku mbili, watu wengi wanaiacha choo kikilainika mara moja halafu kinarudi palepale. Na tafadhali wazazi, ile ya kumwekea mtoto kipande cha sabuni huko nyuma tuiache. Inamchoma, na inamfunza tena kile kitu ulikuwa unataka asahau, kwamba huko nyuma ni mahali pa kuumizwa.

Woga nao. Mtu mzima akiambia mtoto enda choo, ajaribu kwanza kuchuchumaa awe na urefu wa huyo mtoto aone kile anachoona. Kwa ploti nyingi huku kwetu choo ni kimoja kwa floo nzima, kiko mwisho wa koridoo, balbu iliungua kitambo, sakafu iko na maji, na lile shimo ni la kupimwa na miguu ya mtu mkubwa. Mtoto wa miaka mitatu akiweka mguu mmoja huku, ule mwingine haufiki ng'ambo vizuri, na chini anaona giza na anasikia maji. Anaamini atatumbukia, na kusema kweli hajakosea sana. Choo cha shule nacho saa zingine ni hicho hicho, na mlangoni kuna foleni ya wakubwa wanagonga. Kwa hivyo mtoto anaweza kuwa anatumia poti vizuri kabisa nyumbani halafu shuleni anabana kutoka asubuhi hadi saa tisa, na mwalimu anaandika kwa diari kwamba hajafunzwa.

Najua kuna wenye watasoma hii barua waseme sisi tulilelewa bila daipa na tulikuwa tumekauka kabla ya mwaka, watoto wa siku hizi wamelemazwa. Hiyo ya kukauka mapema ni kweli, na hata imeandikwa. Mwaka wa 1977 watafiti wawili kwa jina la deVries walichapisha kwa jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, venye Wadigo wa Pwani yetu walikuwa wanafunza watoto. Walianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Mama anakaa chini nje ya nyumba, amenyoosha miguu, mtoto anamkalisha katikati amemwegemea, halafu anamtolea ile sauti ya shuuu, mchana na usiku, mara nyingi, na mtoto akikojoa anabembelezwa na kunyonyeshwa. Ikifika miezi mitano ama sita wengi walikuwa wanajua hiyo sauti na hawajikojolei ovyo. Wakati huo huko Marekani madaktari walikuwa wanafuata ushauri wa Brazelton wa mwaka wa 1962, wa kungoja hadi mtoto aonyeshe dalili mwenyewe, kuanzia kama miezi 18 kwenda juu.

Lakini tusichukue hiyo habari nusu. Hiyo njia ya Wadigo ilikuwa ya kubembeleza mtoto. Ilikuwa mtoto yuko mwilini mwa mamake ama mwa dadake ama nyanyake siku nzima, kuna mtu anamjua anavyojinyonga kabla ya kukojoa, anamshika kwa wakati. Mama wa Pipeline anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akimbilie gari la Industrial Area ama la viwanda vya EPZ kule Athi River, anarudi saa moja usiku, mtoto amelala. Shosho, yaani nyanya, yuko ushago kijijini. Huyo mtoto mchana yuko kwangu na wenzake kibao, ama yuko na dada wa kazi ambaye anapika, anafua, na yeye mwenyewe ni msichana mdogo. Huwezi kudai matokeo ya zamani na ule ukaribu wa zamani umeuondoa. Si lawama kwa mama, kodi lazima ilipwe. Nasema tu kwamba kama tumeanza kuchelewa basi tuwe na subira ya aliyechelewa, si tungoje miaka mitatu halafu tutake imalizike kwa wikendi moja kwa sababu shule inafunguliwa Jumatatu.

Kwa mtoto ambaye ameshakataa kabisa, kitu kinachonisaidia mimi ni kuacha vita kwanza. Poti inakaa pale, hakuna mtu anaitaja kwa wiki mbili tatu, tunashughulikia choo kilainike. Akianza kupata choo bila kulia ndio tunarudi, baada ya chakula, manake tumbo likipata chakula ndio utumbo unaanza kusukuma, anakaa dakika tano tu na miguu imekanyaga kitu, isining'inie, hata debe la mafuta lililopinduliwa ni sawa. Kuna wenye hawataki kunya bila daipa, wanakuja wenyewe wanaomba wavalishwe. Huyo mvalishe, usimwambie wewe ni mkubwa sasa, lakini daipa avalie chooni. Baadaye aivae akiwa amekalia poti. Baadaye unaifungua. Inachukua muda na inafika. Na usiku ni hesabu tofauti kabisa, hata akifika miaka 5 watoto kama 15 kwa kila 100 bado wanalowesha kitanda na hawana ugonjwa wowote, kwa hivyo huyo wa miaka mitatu asichapwe kwa sababu ya godoro.

Sasa nirudi kwa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kikatili ama kudhalilishwa, iwe kwa mwili ama kwa akili. Mtoto kusimamishwa mbele ya darasa akiwa amelowa wenzake wamcheke ni kudhalilishwa, sijui tutaiita nini ingine. Na kulingana na Katiba ya 2010 chekechea na vituo vya kulelea watoto viko chini ya kaunti. Kwa hivyo naomba Kaunti ya Nairobi, maafisa wake wakija kukagua, wasiangalie tu madawati na rangi ya ukuta. Waingie chooni. Waulize shimo ni la upana gani, kuna mwangaza, kuna mtu wa kusindikiza watoto wadogo, kuna maji na nguo ya kubadilisha. Shule ikishindwa kuwa na choo ambacho mtoto wa miaka mitatu anaweza kutumia bila kuogopa, haina haki ya kumkataa kwa sababu hajui kutumia choo.

Wale wahudumu wa afya ya jamii pia, serikali ilizindua zaidi ya 100,000 nchi nzima Septemba 2023 na huku kwetu wanapita mlango kwa mlango, wanauliza chanjo na uzito, ni vizuri. Waongeze swali moja tu, mtoto anapata choo kila baada ya siku ngapi na kinakuwaje. Mama wengi hawajawahi kuulizwa, na hawawezi kuileta hiyo habari wenyewe manake wanaona ni aibu kusema kwa mtu.

Na kwa walimu wakuu wenye wanapanga interviu za Januari: mkiuliza mzazi kama mtoto ameacha daipa na akajibu bado, msimwambie arudi akiwa tayari. Mwulizeni choo cha mtoto huwa kigumu ama laini, na mpangeni pamoja mwalimu atamsaidiaje huyo mtoto muhula wa kwanza.

Mwangalizi wa watoto,
Pipeline, Nairobi