Barua ya wazi kwa Mjomba, kuhusu msitu unaoishi kwa kukatwa

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote nyumbani Muheza. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo haijatuachia. Nimeamua kukuandikia mahali pa wazi badala ya kukupigia simu, kwanza kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na pili kwa sababu swali lako nimeulizwa na wengi. Nilipokueleza kwamba nimekwenda kutembelea msitu wa kale wa Waingereza ulicheka, ukauliza ni msitu gani wa kale unaoweza kusalia katika nchi iliyolimwa, ikajengwa na kupitishiwa reli kila pembe. Kisha ukasema neno ambalo nimelisikia kwako tangu utotoni, kwamba msitu wa kweli ni ule ambao shoka halijaufikia. Kwa heshima zote, Mjomba, hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Msitu wenyewe unaitwa Bradfield Woods. Uko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mwendo mfupi kwa gari kutoka mji wa Bury St Edmunds. Ukiingia utadhani umedanganywa. Hakuna miti mirefu ya kukufanya uinue shingo kama ile ya msitu wa Amani kule kwetu, wala hakuna giza la kutisha. Kilichopo ni fito, maelfu kwa maelfu ya fito zilizosimama kwa mafungu, hapa na pale kukiwa na mwaloni mmoja mnene uliojitenga juu ya wenzake. Sehemu moja ina fito nyembamba zilizosongamana hata mbwa asipite, sehemu ya pili ina miti ya unene wa paja, na ya tatu imekatwa yote, imebaki visiki na malundo ya kuni kana kwamba wachoma mkaa wameondoka jana. Mtu asiyejua angekwenda kutoa taarifa polisi.

Ila kumbukumbu zilizoandikwa zinaonyesha kwamba msitu huu umekuwa ukikatwa namna hiyo tangu mwaka 1252. Wakati huo ulikuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds, ambao waliumiliki hadi Mfalme Henry wa Nane alipoivunja abasia hiyo mwaka 1539. Wamiliki wakabadilika, ukataji ukaendelea. Utaratibu wake wewe unaujua kuliko mimi, kwa kuwa ndio unaoufanya kwa mijohoro yako nyuma ya nyumba: mti hukatwa karibu na ardhi, kisiki huachwa, na msimu unaofuata hutoa machipukizi mengi yanayokimbilia juu kwa kasi, kwa sababu mizizi ya chini ni ya mti mzima. Msitu hugawanywa vipande, kikakatwa kimoja baada ya kingine, hata mkifika cha mwisho cha kwanza kiko tayari tena. Siku hizi Bradfield hukaa miaka ishirini na kitu kati ya mkato na mkato, ingawa zamani, kuni zilipohitajika zaidi, mzunguko ulikuwa mfupi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo hata mimi sikulitegemea, ni kwamba mti unaokatwa hivyo huishi miaka mingi kuliko ule unaoachwa ukue. Mti wa eshi ulioachwa peke yake hukua, ukazeeka, ukaangushwa na upepo baada ya karne mbili hivi. Ukikatwa kila baada ya muda, hauwi mrefu wa kuangushwa, na kisiki chake huendelea tu kujitanua. Bradfield kuna kisiki cha eshi chenye upana wa zaidi ya mita 5, ambacho umri wake hukadiriwa kufikia miaka 1,000. Nilikizunguka polepole. Si duara lililojaa, Mjomba, ni mfano wa pete iliyopasuka vipande: kiini chake cha kwanza kilioza zamani sana, na kilichobaki ni ukingo uliokuwa ukisogea nje kila ulipokatwa, katikati pakabaki uwazi uliojaa majani makavu na ukoga wa kijani. Juu ya ukingo huo zimesimama fimbo zilizonyooka, ngozi yake ya kijivu na laini, ambazo ukizitazama peke yake ungesema zimepandwa juzi. Hakuna anayesimama kukipiga picha, maana hakina sura ya ukongwe. Mimi nilikiona kuwa cha ajabu kuliko makanisa makuu yote niliyopelekwa kuonyeshwa.

Basi Waingereza huuitaje msitu kuwa wa kale, ikiwa miti yake ni ya juzi? Hawahesabu umri wa mti, wanahesabu umri wa ardhi kuwa na msitu. Kwa Uingereza yenyewe na Wales kikomo ni mwaka 1600: eneo ambalo limekuwa na msitu mfululizo tangu wakati huo huhesabiwa kuwa la kale. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa sababu lilitokea jambo kubwa, bali kwa kuwa ramani za kuaminika zinaanza kupatikana karibu na hapo, na kabla yake kupanda misitu hakukuwa jambo la kawaida, hivyo msitu uliokuwapo mwaka 1600 kwa kawaida haukupandwa na mtu. Misitu ya aina hiyo yote kwa pamoja haifiki hata asilimia 3 ya ardhi ya nchi, na mingi ni vipande vidogo unavyoweza kuvizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Ushahidi wake uko chini ya miguu. Pembeni mwa Bradfield kuna tuta la udongo lenye handaki upande wa nje, lililochimbwa na watu wa enzi za kati ili mifugo isiingie kula machipukizi. Tuta hilo sasa limelala na kuota miti, lakini bado linaonekana wazi. Serikali nayo iliingilia: sheria ya mwaka 1543 iliagiza kwamba kila msitu wa namna hiyo unapokatwa, miti 12 iachwe katika kila ekari ikue kuwa mbao, na eneo lililokatwa lizungushiwe uzio. Ile mialoni iliyojitenga niliyokutajia ndiyo miti ya mbao, na fito za chini yake ndizo zilizokuwa kuni, mipini na kuta.

Naam, kuta. Wewe fundi wa nyumba za mbavu za mbwa ungefurahi kufika Lavenham, kijiji kilichoko upande huo huo wa Suffolk, ukaona nyumba za karne ya 15 ambazo watalii hutoka mbali kuzitazama. Fremu ni ya mwaloni, lakini kati ya nguzo na nguzo wamesuka fito, nyingi zikiwa za mti mdogo uitwao hezeli, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, kisha wakapaka chokaa. Hakuna hatua hata moja katika kazi hiyo ambayo ungehitaji kufundishwa. Niliposimama mbele ya ukuta mmoja uliobanduka nilizitambua zile fito ndani kabla sijaelezwa ni nini, na nikawaza jinsi watu wetu wanavyozionea haya nyumba hizo hizo. Lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Nirudi msituni. Majira ya kuchipua ardhi yote hubadilika rangi kabla majani ya miti hayajafunga mwanga. Kuna maua ya buluu yenye umbo la kengele, ambayo sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'olewa kwa ajili ya biashara, na kuna maua meupe yanayofunguka jua likitoka na kujifunga mawingu yakija. Haya meupe husogea polepole mno: inasemekana huchukua miaka 100 kuenea mita 2 hivi, kwa kuwa hutegemea zaidi mizizi yake kuliko mbegu. Ukiyakuta yametapakaa msitu mzima unajua kwamba jembe halijapita hapo kwa karne nyingi. Na hapa tena ukataji una kazi yake, maana mwaka mmoja au miwili baada ya kipande kukatwa na jua kufika chini, maua huibuka kwa wingi usioonekana kwingine, na vichaka vizito vinavyofuata huwa makazi ya ndege. Mmojawapo ni yule mdogo wa kahawia ambaye Waingereza humsifu kwa kuimba usiku, na ambaye huikimbia baridi yao kwa kwenda Senegal na Gambia. Amepungua vibaya sana katika miongo ya karibuni, na misitu iliyoachwa bila kukatwa ni moja ya sababu zinazotajwa.

Kwa hiyo misitu hii haikumalizwa na shoka. Marehemu Oliver Rackham, mtaalamu wa mimea wa Cambridge aliyefariki mwaka 2015 na ambaye aliichunguza Bradfield kwa karibu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza wananchi wenzake jambo hilo: aliyehitaji kuni na fito kila mwaka alikuwa na sababu ya kuulinda msitu, na aliyeuangamiza ni yule aliyeitaka ardhi yake. Watu waliacha kuni polepole wakatumia makaa ya mawe, kisha mafuta na umeme, na baada ya Vita Kuu ya Pili misitu mingi ya kale ikang'olewa ili palimwe nafaka, au ikauawa kwa sumu na kupandwa misonobari. Bradfield nayo ilikatwa mkono: katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya upande uitwao Monks' Park iling'olewa mizizi na kuwa shamba. Iliyosalia iliokolewa na watu waliopiga kelele kwa wakati, na leo inatunzwa na shirika la hifadhi la Suffolk. Ilisaidia pia kwamba ukataji ulikuwa haujawahi kukoma, kwa kuwa katika kijiji jirani kulikuwa na kiwanda kidogo cha reki na mipini kilichonunua miti yake humo.

Nisikupambie, Mjomba. Hali si njema yote. Kulungu wamezidi, wakiwamo wadogo walioletwa kutoka China, na wanakula machipukizi hadi kisiki kinakata tamaa, ndiyo maana kila kipande kinachokatwa sasa huzungushiwa uzio au matawi yaliyosukwa. Baya zaidi ni ugonjwa wa miti ya eshi, unaoletwa na kuvu ya Asia ya Mashariki, uliogunduliwa nchini humu mwaka 2012. Huingilia majani na kushuka hadi kwenye tawi, na machipukizi machanga ya visiki huathirika upesi. Niliona fito zilizokauka kuanzia nchani, gome likiwa limegeuka kahawia na kubonyea. Kwa msitu wenye eshi nyingi kiasi kile, watunzaji inawabidi waamue visiki vipi waendelee kuvikata na vipi waviache.

Hapo ndipo ninapohitaji maarifa yako. Huku hukata majira ya baridi, majani yakiwa yamepukutika, chini kabisa, na kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Wewe mijohoro yako huikata kwa urefu gani kutoka ardhini, na je, husubiri kiangazi au huikata mvua zinapokaribia? Na kisiki kikionyesha dalili ya kuchoka, huwa unakipumzisha au unakikata tena ili kichipue upya? Nimeahidi kuwapelekea jibu vijana wanaojitolea kule siku za kazi, na nimewaambia kwamba ninaye fundi wa kumuuliza.

Wasalimie wote.

Mpwa wako