Muhuri ndo umemtoa hadharani

Mhariri, nipe nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme hili jambo la vyeo, maana linanikera kila nikipita kwa mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Watu wanasema cheo kimembadilisha. Mimi nakataa. Huyu jamaa namjua toka tukiendesha boda stegi moja, chapati tunagawana, na hata siku hizo ukimkopesha elfu mbili ukija kumdai anakuwa mkali kuliko wewe mwenye pesa, sisi tunacheka tu, tunasema ndo alivyo. Sasa 2018 ukaja ule uchaguzi wa vijiji tulioungoja miaka 17, ule wa kujipanga mstari nyuma ya mgombea, na mimi nilikuwa wa tatu nyuma yake, jua la saa saba. Akapata muhuri. Anaufunga kwenye leso anautia mfuko wa shati, na ukitaka barua unakaa kwenye benchi mpaka amalize simu zake zote halafu unaambiwa toa elfu kumi ya wino. Wino gani huo jamani! Ukali ni ule ule wa stegi, ila saa hii hakuna wa kumcheka.

Na sisi wenyewe tumo. Siku ya kwanza tulimpelekea jogoo, tukamwita mheshimiwa, mwenyekiti wa kijiji!

Wazee wakisikia haya wanamtaja Amin. 1971 alipochukua serikali watu walicheza barabarani Kampala, akafungua wafungwa wa kisiasa, akarudisha mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kutoka Uingereza ukazikwa Kasubi, nani angemsema vibaya? Mwaka uliofuata Waasia wakapewa siku 90 wafungashe, na kuna familia mpaka leo hazijui mtu wao alizikwa wapi. Nyerere naye alikuwa na kila kitu mkononi, chama, jeshi, lakini 1985 akaachia urais akarudi zake Butiama. Hapa kwetu Uganda mabati ya msaada kwa watu wa Karamoja yalifikisha mawaziri kortini 2023, hukumu ni ya korti, mimi nauliza tu, mtu ana mshahara ana gari ya serikali, bati la mtu wa Karamoja analitakia nini?

Wiki jana nilienda kuchukua barua ya kijana wangu, anataka kitambulisho cha taifa. Mwenyekiti akashika kalamu bila kuniangalia, akauliza, "Jina?" Nikamtajia. "La baba?" Nikamtajia pia, yule yule mzee aliyempa pikipiki yake ya kwanza kwa deni. Akaandika, akafungua leso, akagonga. Elfu kumi nimetoa, risiti sijaiona mpaka leo.

Msomaji wenu,
Busia, Uganda