Malalamiko kuhusu gemu ya Halo 5 mliyoniuzia, na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja Mkuu,

MINTARAFU: KURUDISHIWA PESA ZA HALO 5: GUARDIANS

Nakuandikia kwa heshima, ijapokuwa dukani kwenu heshima sikuipata.

Kanuni zenu za kurudisha bidhaa mnazijua, zimebandikwa ukutani nyuma ya mtunza pesa, sina haja ya kuwasomea. Nianze na swali nililouliza kabla sijatoa hata shilingi. Nilimuuliza kijana wenu, tena kwa kituo: hii wanacheza wawili kwenye televisheni moja, kama zile za nyuma? Akanijibu, "Halo zote ni za wawili, dada." Ndipo nikalipa.

Haikuwa kweli. Tangu Halo ya kwanza mwaka 2001, kupitia Halo 2, Halo 3 na Reach, hadi Halo 4 ya mwaka 2012, watu wawili waliweza kuketi pamoja, kioo kikagawanywa, wakaimaliza hadithi nzima bega kwa bega. Halo 5 ya mwaka 2015 ndiyo ya kwanza katika mfululizo mkuu kuondoa jambo hilo. Walioitengeneza walilisema wazi, kwamba wameliondoa ili mchezo uende kwa picha 60 kwa sekunde. Si siri. Anayeuza gemu kwa riziki anapaswa kulijua kama muuza samaki anavyomjua wa leo na aliyelala.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Likizo yake ni fupi, na Halo ndiyo yetu tangu utotoni: mimi naendesha Warthog, lile gari la vita, yeye anasimama nyuma kwenye mzinga akinipigia kelele nisitupindue. Tulikuwa tumeruka hii moja tu, tukataka kuimaliza kabla ya kuingia Halo Infinite ya 2021. Tukaweka diski, tukangoja ipakie mpaka usiku, tukawasha padi zote mbili za kuchezea. Ya pili haikupewa nafasi. Kumbe ili nicheze na kaka yangu aliyekaa kando yangu, inatakiwa mashine ya pili ya Xbox, televisheni ya pili, diski ya pili, usajili wa kulipia kwa kila mmoja, na intaneti isiyokatika. Chumba ni kimoja na sisi ni ndugu!

Nikairudisha kesho yake asubuhi. Sikuja kugombana. Niliomba nibadilishiwe kwa The Master Chief Collection, mkusanyiko wa Halo za nyuma, iliyokuwa kwenye rafu yenu nikiiona kwa macho yangu, maana ile inagawa kioo. Msimamizi wenu wa zamu alikuwa anakula viazi karai palepale kwenye kaunta. Hakunawa, hakujifuta. Akafungua kasha, akaitoa diski kwa vidole vile vile vya mafuta, akainua kwenye taa, akasema, "Hii ina alama. Imetumika. Hatupokei." Nikamwambia alama ni zake. Akaniuliza, "Kwani gemu hii ni ya nani? Mwite mwenyewe aje aeleze." Nikasema ni yangu. Akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni, akacheka: "Ati ni yake!" Kisha akamalizia kwamba gemu haina tatizo, ila mimi sijui kuicheza.

Sijui kuicheza. Basi nisikilize, Bwana Meneja, kisha umweleze yeye.

Gemu hii ina ngazi 15. Master Chief, shujaa wa Halo, ambaye bango lake mmelitundika mlangoni kuwaita watu, unamchezesha katika ngazi tatu tu. Zilizobaki zote ni za askari mwingine, Spartan Locke, na kikosi chake cha Osiris, watu tusiokuwa na habari nao. Kelly, Linda na Fred, wenzake Chief tangu utotoni, ambao wapenzi wa Halo waliwangoja miaka na miaka, wanasema maneno machache na kuondoka. Matangazo yalituaminisha kwamba Locke anamwinda Chief, mmoja ni msaliti na lazima mmoja aanguke. Katika gemu yenyewe wanarushiana ngumi kwa muda mfupi, na mchezaji hata padi haimhusu, anatazama tu. Adui mkubwa ni Warden Eternal, na utapigana naye yeye yule tena na tena, mbinu ni ile ile ya kumzunguka umpige mgongoni. Waundaji walipokosa la kufanya wakakuletea watatu kwa mpigo. Na Cortana, ile akili ya kompyuta iliyokuwa msaidizi wa Chief! Halo 4 ilitutoa machozi alipojitoa kumwokoa Chief. Hapa amefufuliwa awe dhalimu wa galaksi, halafu hadithi ikakatwa ikining'inia.

Haya nimeyajua kwa kuicheza peke yangu mpaka mwisho baada ya ninyi kukataa kuipokea, huku kaka yangu amekaa pembeni na padi iliyozimwa mapajani. Mtu asiyejua kucheza hayajui haya.

Nirudi kwenye kaunta, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Wakati msimamizi anaishika diski na vidole vya mafuta, kaka yangu alikuwa nyuma yangu. Msimamizi alipomwona, uso wake ulibadilika, akamsogezea ile diski na kumwambia, "Bosi, si ungekuja wewe tangu mwanzo?" Mimi niliyelipa, risiti mkononi ina jina langu, nikawa sipo. Kaka akamjibu kwamba mwenye gemu ni mimi, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kucheza. Hapo ndipo aliposema "Ati ni yake" kwa mara ya pili, na watu wakacheka. Nilisimama pale nikitetemeka. Mafuta yake bado yako kwenye diski. Sijayafuta na sitayafuta, nimeyapiga picha.

Siku ile kubadilishiwa tu kungenitosha. Leo sikubali tena. Nataka bei yangu kamili, pamoja na nauli ya kuja na kurudi. Nataka pia barua ya kuniomba radhi iliyotiwa saini na msimamizi huyo mwenyewe, si na ofisi. Na wateja wanaonunua Halo 5 waambiwe kwa maandishi, palepale kwenye rafu, kwamba haichezwi na wawili kwenye kioo kimoja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu kwa maelezo ya uongo. Kijana wenu aliniuzia kwa maelezo ya uongo.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili, na sitadai bei ya diski peke yake. Nitadai na fidia ya kudhalilishwa mbele ya watu. Kamera ya dukani iko juu ya kaunta ile ile. Naomba picha za asubuhi ile zisifutwe. Zikifutwa, hakimu nitamwambia kwamba niliomba zihifadhiwe.

Jibu liwe kwa maandishi. Simu kutoka kwa msimamizi huyo sitapokea.

Mteja wenu.

(Nakala ya risiti na picha za diski zimeambatishwa.)