Shoga, Dar usiipite mbio

Chuno, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, mikorosho imeanza kutoa maua na kila mtu shingo juu. Hongera sana kwa mjukuu! Mungu amkuze. Lakini uliposema utakwenda Dar kwenye arobaini, ulale usiku mmoja kwa mwanao Mbagala, kisha alfajiri upande basi urudi Lindi, hapo umeniumiza. Nikaona haya hayatoshi kwenye ujumbe wa simu.

Najua unachoogopa. Sote tumekua tukiyasikia: Dar vibaka, Dar foleni, Dar joto, Dar mtu anafariki mlango wa pili jirani hana habari. Watalii nao ni hivyo hivyo. Wanashuka uwanja wa ndege, wanakimbilia boti ya Unguja, wakirudi kwao wanasema mjini pale hakuna cha kuona. Mimi naona wanaoisema Dar vibaya wengi ni wapita njia, wameiona wakiwa na begi mkononi. Mtu amekaa kwenye basi tangu alfajiri, kapita Nangurukuru, kapita Somanga, kavuka daraja la Mkapa, kiuno kimekufa ganzi, anashuka stendi ya Rangi Tatu, Mbagala, jioni vijana wamemzunguka kila mmoja anavuta mzigo wake. Huyo ataipendaje Dar? Hata Lindi yetu ukiingia kwa namna hiyo utaichukia. Na mji wenyewe ni wa watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, wewe unataka kuumaliza kwa usiku mmoja!

Basi siku ya kufika usiihukumu. Weka mzigo, oga, mbebe mjukuu, lala. Arobaini ikishapita, toka asubuhi na mapema mikono mitupu, hela ya matumizi ifunge kwenye pindo la kanga, uende Feri, kwenye soko la samaki.

Somoe, Feri uifike jua halijapanda. Sisi watu wa pwani hatutishwi na samaki, lakini mnada wa pale ni kitu kingine. Mashua zinashusha, samaki wanamwagwa, dalali anataja bei kwa kasi mpaka mgeni unashindwa kufuata, na wanunuzi hawasemi kitu, kidole tu. Nilimwona mama mmoja ana ndoo yake, akafunua shavu la nguru kwa kidole gumba, akatazama wekundu wa matamvua, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Dalali akashusha bei mwenyewe. Mama bado kimya. Ikashuka tena. Ndipo akatoa pesa, akamtia nguru kwenye ndoo, akaondoka bila hata kutabasamu. Nilisimama pale kama mtoto kwenye ngoma. Ukishatosheka kutazama, nunua changu wako, kuna vijana wa kumpara, halafu mpeleke kwa wakaangaji wenye yale makarai makubwa. Utakula samaki wa moto saa mbili asubuhi, na hakuna atakayekushangaa.

Kutoka hapo panda pantoni uvuke Kigamboni. Nauli ni shilingi 200, na kwa bei hiyo sijui furaha nyingine inayouzwa Tanzania nzima. Mkifika katikati ya maji geuka nyuma. Utauona mnara wa kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu, kazi ya Wajerumani ile, na nyuma yake maghorofa ya vioo yamesongamana. Mimi nilivuka, nikanywa maji ya dafu, nikarudi na pantoni iliyofuata. Sikuwa na shida yoyote ng'ambo. Nilitaka kuvuka tu.

Kama miguu inakuruhusu, tembea mpaka kwenye sanamu ya Askari, barabara ya Samora. Watu wanaipita kila siku na hawainui macho. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na chini ina maandishi ya Kiswahili. Sisi watu wa kusini tunayo haki ya kusimama pale kuliko wengi, maana vita hiyo ilitambaa mpaka kwetu. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalipigwa huko kwenu Lindi. Makumbusho ya Taifa nayo hayako mbali, na huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, yule mtu wa kale sana, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mjusi wetu wa Tendaguru huko Lindi, yule dinosaria, Wajerumani walimbeba, mpaka leo amesimama Berlin. Fuvu hili angalau limebaki nyumbani, kaliangalie.

Kariakoo nenda na mkweo, usiende peke yako mara ya kwanza. Sisemi hivyo kwa ajili ya wezi, ni kwa sababu utapotea. Ukifika kwenye lile soko lenyewe tazama paa lake, yale mafaneli makubwa ya zege yaliyotengenezwa kukinga maji ya mvua. Alilichora Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, nikalia kweli, nashukuru limekarabatiwa. Kwenye vitenge kijana mmoja alisikia lafudhi yangu akauliza, "Mama, wa Newala?" Nikamwambia ndiyo, kwa asili. Kumbe mama yake yuko Kitangari. Akanitolea kiti, akaagiza maji, bei akapunguza kabla sijafungua mdomo. Dar imejaa watoto wetu, shoga. Nenda Mwenge kwenye vinyago uwasikilize wachongaji wanavyozungumza Kimakonde chao kama wako kwenye uwanda wa Newala. Halafu uniambie mji ule ni wa wageni.

Na hilo la kwamba watu wa Dar hawana utu, mimi silikubali. Panda daladala lililojaa, usimame na kikapu chako. Aliyekaa atakichukua akipakate mpaka kituo chako, hamjuani, na ukishuka anakurudishia. Nimeliona hilo kwa wasichana wa shule, nimeliona kwa wazee wa kanzu. Ni jambo la kila siku mpaka wenyewe hawalihesabu kuwa ni wema.

Sikufichi, wezi wapo. Simu usiishike karibu na dirisha la daladala, wala usizungumze nayo ukiwa ukingoni mwa barabara, maana wanaokwapua wanapita na pikipiki. Bajaji patana bei kabla hujakaa. Mimi kuna mmoja alinitoza mara mbili, nililipa na mpaka leo roho haijatulia. Usiku usipande bodaboda ya kuokoteza, mwanao anao anaowafahamu. Na barabara ya Kilwa jioni usiiguse, utatoka mjini saa kumi na moja uingie Mbagala watu wameshakula. Hayo ni ya kujichunga, hayatoshi kumfanya mtu mzima akimbie mji.

Kaa wiki. Mume wako ataweza kujipikia, na kama hawezi dada yake yupo Mingoyo. Na mkweo aliyejifungua atafurahi zaidi kupata bibi wa kumshikia mtoto kuliko mgeni wa kulala na kuondoka.

Niambie siku ya safari. Mdogo wangu anakaa Mbagala Kizuiani, nitamwambia aje stendi akupokee mzigo kabla wale vijana hawajakufikia. Na usinunue tiketi ya kurudi.

Msalimie Bi Mkubwa na wote hapo nyumbani.

Shoga yako,
Mama Nasri